Nlipoitika Labeka

Sikusoma chuo. Haya, nshasema, umeridhika? Sina picha ya joho ukutani, sina cheti kwenye fremu, na pale chuoni ukilitaja jina langu watakwambia hawanijui. Lakini usinambie Mwalimu Hamad hakuwa mwalimu wangu. Hilo silikubali kwa mtu yeyote, na wiki iliyopita nlikaribia kulipigania kwenye khitma yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake Kajificheni, ukumbi wa juu, wanawake tumejaa mpaka kwenye ngazi, na baina yangu na mwanamke mmoja nsiyemjua kuna sinia moja la pilau. Kanitazama nnavyolia, kisha kanitazama miguu, kama kwamba jibu liko huko. "Bibi, wewe ulisoma naye mwaka gani?" Nkamwambia sikusoma chuo. "Ahaa. Basi ni jamaa yake?" Si jamaa yake. Akalirudisha tonge siniani. "Si wewe yule wa steshenari ya Mkunazini? Unotoa fotokopi?" Ndiye mie. "Sasa marehemu alikuwa nani wako?" Nkamwambia alikuwa mwalimu wangu. Akacheka puani, kidogo tu, cheko la mtu aliyesoma. "Mwalimu wako wa wapi, shoga? Wa kubonyeza mashine?"

Nlimjibu nlichomjibu, hakiandikiki. Lakini toka siku ile nnaendelea kumjibu kichwani. Nikipika namjibu, nikifagia duka namjibu, na nimeona bora nimjibu kwa karatasi, kwa sababu mdomo wangu huu ulishaniponza mara moja, na haukuniponza peke yangu.

Mwaka ule wa corona nlikuwa na miaka ishirini na mbili, nakaa Bububu chumba kimoja na Mize. Mize Makame Vuai, mtoto wa kisiwa cha Tumbatu, mwaka wa pili wa ualimu wa Kiswahili. Chumba chenyewe cha uani, dirisha linatazama choo cha mwenye nyumba, kitanda kimoja tunalala kichwa na miguu, na ukutani Mize kabandika karatasi zenye alama za sauti, vidudu vidogo kama sisimizi walovaa kofia. Asubuhi tukila mkate wa ajemi na maharage ya nazi yalolala, yeye anasoma kwa sauti, mie nafunga ushungi namsikiliza. Ndivyo nlivyosoma mie, kwa kusikiliza wenzangu. Kidato cha nne kilinitema. Kompyuta nlijifunza kwa kuiharibu: naifungua, inakataa, naifunga, naifungua tena, mpaka tajiri wangu wa steshenari akaniamini akaniachia funguo za duka akaenda zake Pemba. Mize akienda kukoga nakichukua kitabu chake nasoma kurasa mbili. Akirudi ananiuliza, "Umefika wapi?" kama mtu anouliza wali umeiva. Watu wengi wamenisaidia maishani na wakanicheka kidogo. Mize hakunicheka hata siku moja, na kwa hilo tu, mtu akimgusa Mize kanitia kidole cha jicho.

Chuo kilifungwa ndani ya siku moja. Asubuhi Mize kaenda na mkoba, adhuhuri karudi na mkoba na tangazo: kila mtu arudi kwao, masomo yatahamia mtandaoni. "Mtandaoni ndo wapi?" kauliza Mize. "Kunapandwa gari gani?" Tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Lakini jioni ile hakucheka tena. Kwao wanamtaka arudi, wanaogopa maradhi ya mjini, na kwao ni Tumbatu, na simu yake ni ile ndogo ya tochi. Na tangazo lilikuwa na mstari mmoja wa chini aliousoma mara tatu: majina yataitwa kila kipindi, na atakayekosa vipindi vingi hatofanya mtihani. Alikaa juu ya kitanda anakunja nguo zile zile, anazikunjua, anazikunja. Kisha kanambia, "Rukia, we si unakaa na kompyuta kutwa? Wakiita jina langu, itika." Nkamuuliza, "Niitike tu?" "Itika tu. Kamera uzime. Nirekodie na masomo, unipelekee. Lakini ukishaitika nyamaza. Nakujua mdomo wako." Nkaapa wallahi ntanyamaza. Nimeapa vitu vingi, lakini kile nilikuwa nakiamini.

Sasa tazama ilivyokuja. Siku ya tatu yake, niko dukani, hakuna mteja, Mkunazini nzima unasikia paka wakitembea, anaingia mzee mrefu na kanzu ya kahawia, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, kakumbatia laptopu kwenye mfuko wa plastiki kama mtu alobeba samaki. "Shikamoo, Mwalimu." Nlimjua, alikuwa akija kutoa fotokopi za mitihani. "Marahaba. Rukia, wanataka nisomeshe ndani ya sanduku hili." Mwalimu Hamad. Ndiye anomsomesha Mize zile sauti za ukutani. Nlimvutia kiti. Siku nne nlimfundisha. Alikuwa akikishika kipanya cha kompyuta kwa vidole viwili kama panya kweli. Mie nikienda nyuma kutafuta karatasi ananiita, "Rukia!" Naitika, "Labeka!" "Njoo, imeniandikia kitu hiki, imekasirika." Siku moja kanambia, "Unaitika vizuri. Wasichana wa siku hizi ukiwaita wanakwambia 'nini'." Kwetu, kama hujui, mwanamme akiitwa huitika naam na mwanamke huitika labeka, na mie hilo ndilo jambo moja la adabu nlilokuwa nalo, mengine yote yalinishinda. Nlijisemea: mzee huyu hatonijua. Sauti ikipita kwenye waya hugeuka, na yeye atakuwa anahangaika na vitufe.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saa tatu asubuhi. Nlikaa stoo nyuma ya mashine ya fotokopi, juu ya maboksi ya karatasi, mlango wa duka nimeuegesha. Wanafunzi arubaini na moja. Mwalimu kaanza kuita kwa mpangilio, kwa sauti ile ya kusoma khutba, na kila mtu anaitika kwa namna yake, mwengine kalala, mwengine kuku wanalia nyuma yake. Akafika. "Mize Makame Vuai." Nkabonyeza maiki. "Labeka."

Kimya. Kimya kirefu, mpaka mtu mmoja akaandika pale chini, "Mwalimu kaganda." Hata mie nlidhani ni mtandao. Kisha sauti yake ikarudi, pole pole. "Ahsante. Karibu darasani." Akaendelea na jina la mbele. Nkashusha pumzi. Mtandao, nkasema. Mtandao huu bwana.

Kazi ilikuwa niitike na ninyamaze. Nani angenyamaza? Mzee yule alikuwa anasomesha sauti kama mtu anokupakulia chakula. Tia kidole kooni, anasema, sema ghali, sema gali, umesikia ghe inavyokwaruza? Na mie stoo na kidole kooni. Na mtandao ulikuwa adui yake, maana mtandao unakula sauti nyembamba. Siku ya pili katuambia tuseme "thamani" mmoja mmoja. Tukasema. Zote zikamfikia "samani". "Nyinyi watu," kasema, "nawauliza thamani ya mtu, mnanijibu viti na meza!" Tulicheka arubaini na moja sote, na mie nlicheka na maiki iko wazi. Kisha kauliza, kama mtu anouliza hewa, "Sasa dawa yake nini hii? Nani anojua mashine humu?" Mie mdomo uliniwasha. Nkabonyeza: "Mwalimu, tia hedifoni yenye maiki yake, ubonyeze pale penye alama ya mshale, upunguze kuchuja sauti." "Ahsante, Mize," kasema. "Mize wa leo ni fundi." Mchana ule kaja dukani kununua hedifoni, akanitazama juu ya miwani, akanambia, "Mtandao unakula th na dh, Rukia, lakini mtu mwenyewe bado husikika." Nkamwambia ndiyo Mwalimu. Nkamfungia hedifoni kwenye karatasi. Mjinga mie, nlidhani anaisifu hedifoni.

Nyumbani kwake alisomeshea ukumbini, ukumbi huu huu nlolilia juzi, na mkewe Bi Zuhura hakuelewa hata kidogo kwamba mumewe yuko kazini. Tuko katikati ya somo tunasikia, "Mwalimu! Changu huyu nimpake nazi au nimkaange?" "Nipo darasani, Zuhura." "Darasani wapi, mbona nakuona?" Darasa zima kwenye maandishi: kukaanga, kukaanga, kupaka. Ramadhani ilipoingia sauti yake ikakauka, alikuwa anasomesha na midomo inashikana, na nyuma yake unasikia kinu, unasikia mbatata zinamenywa zinatiwa majini, tone tone. Mie niko stoo na swaumu yangu, nanusa karatasi na wino, na nlikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata na sijaipata tena. Naona aibu kuisema, kwa sababu furaha yenyewe ilikuwa ya mwenzangu. Kiti kilikuwa cha Mize. Mie nlikikalia nkakipenda.

Lakini haki yake nlimpelekea, hilo niandikie. Kila kipindi nlikirekodi, nkakitia kwenye kadi ndogo ya simu, nkaifunga kwenye kipande cha plastiki, nkampa mama mmoja wa Tumbatu anouza dagaa Darajani na kurudi kwao kila Alkhamisi. Mama yule aliifunga kwenye pindo la kanga. Kadi zilirudi zinanuka dagaa, na daftari la Mize juu yake, kazi zote kaandika kwa mkono wake, mie napiga chapa tu na kutuma. Sikumfanyia Mize hata jibu moja. Alikuwa akisikiliza kipindi kimoja mara nne, mara tano, simu kaibana sikioni huku anapaa samaki. Kwenye pambizo la daftari ananiandikia: "Leo nimekusikia ukicheka. NYAMAZA." Na chini yake, kwa maandishi madogo: "Lakini lile suali ulouliza lilikuwa zuri."

Sasa nifike pale nsipopataka. Ilikuwa baada ya Idi. Mwalimu kawataka watu watamke maneno ya kwao, kila mtu na kijiji chake, na mie nlikuwa nimejitayarisha, usiku wa kuamkia siku ile Mize kanisomea kwenye simu, nkayaandika. Nkayasema. Nliyasema kama mtu anosoma bei. Kijana mmoja, sitomtaja, hana umuhimu, akafungua maiki yake. "Mwalimu, huyo Mtumbatu gani? Anasema kama anouza kanga Darajani." Wakacheka. "Mwambie afungue kamera tumuone. Au kamera haifiki juu ya mnazi?" Mwalimu kasema, "Heshima darasani." Mie nimeuziba mdomo kwa mkono, hivi, kwa mkono wangu. Nlikuwa naweza. Wallahi nlikuwa naweza kuvumilia. Kisha yule kijana kasema, kwa utaratibu kabisa, kama anotoa rai, "Kwani hao wa visiwani, chuo wanakitakia nini? Si wawaachie nafasi wenye mtandao?"

"Koma!" Ndivyo nlivyosema. "Koma mshenzi wee! Unamjua Mize weye? Mize anasoma kwa simu ya tochi! Somo moja analisikiliza mara tano, na mkononi ana kisu na samaki! Weye una laptopu na mama anokuletea chai kitandani na bado hujui ghe na ge! Ngoja Mize arudi, ngoja arudi mjini, utajua nani Mtumbatu!"

Kisha yule kijana kauliza, taratibu, "Arudi kutoka wapi?"

Nakwambia mpaka leo nikiosha vyombo nalisikia lile suali. Arudi kutoka wapi. Na hapo ndo Mwalimu Hamad akasema, haraka, si sauti yake ya kawaida: "Mtandao umeingiliwa. Sauti hiyo si ya darasani. Tuendelee." Sauti hiyo si ya darasani. Nlizima kompyuta. Nlikaa juu ya maboksi na maneno yale yananizunguka. Ya yule kijana saa ile niliyasahau. Ya Mwalimu ndiyo yalonichoma. Nimemfunza kipanya, nimemfunza maiki, nimetia kidole kooni miezi miwili, na siku moja nikihitajia neno lake, ananitoa nje mbele ya watu. Vipindi sita vilobaki sikuingia tena.

Chuo kilipofunguliwa Mize karudi Bububu na ndoo ya pweza mkavu kwa ajili yangu. Siku ya pili akaitwa ofisini. Mtu alikuwa karekodi, imezunguka kwenye grupu la darasa, imefika kunakohusika. Barua aliyopewa nliisoma mie kwa sauti, tumekaa kitandani. "Kwa mujibu wa maelezo ya mwalimu wa somo, mwanafunzi hakuhudhuria vipindi yeye mwenyewe." Asimamishwe mwaka mmoja, kisha aanze mwaka wa pili upya. Nkasema, "Mzee Hamad. Kwa mujibu wa maelezo yake. Umeona? Katuuza." Mize alisimama akaanza kubandua zile karatasi za ukutani, moja moja, na gundi inatoka na chokaa. Nkamwambia ntakwenda kwa mkuu wa chuo, ntakwenda kwa mzee huyo nyumbani kwake nikamtolee vyombo nje, ntafanya hivi, ntafanya vile. Akanigeukia na karatasi mkononi. Hakupandisha sauti. "Rukia," kasema, "nlikwambia uitike tu."

Mwaka mmoja wa kusimamishwa ukazaa wa pili. Kwao wakasema basi, inatosha. Akapata kazi hotelini Kendwa, kutandika vitanda, kisha mapokezi. Hakuvunja urafiki, Mize si mtu wa kuvunja. Ananipigia Idi, ananipigia nikiumwa. Mara moja kwenye simu kaanza, "Mwalimu Hamad alikuja mpaka Tumbatu, unajua..." Nkamkatiza. Nkamwambia, "Mize, ukimtaja huyo mzee kwangu, usinipigie tena." Na nkakata. Mie ndo mtetezi wake, umeona? Namtetea mpaka simsikilizi.

Na yule mzee alikuja kwangu. Mara mbili. Mara ya kwanza kasimama mlangoni, kanzu ile ile ya kahawia, flashi mkononi. "Rukia, kuna barua humu. Nataka uniprintie, na kabla hujaprinti uisome." Hata shikamoo sikumpa. "Mashine mbovu." Na nyuma yangu mashine inatema fomu za mtu, inatema na kutema, joto lake linanipiga mgongoni. Akasikiliza. "Mbona naisikia inakwenda?" Nkamwambia... Msomaji, nlimwambia mzee yule, mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kusikia, nlimwambia, "Labda masikio yako ndo mabovu, Mwalimu." Akaitia flashi mfukoni. Akasema, "Yawezekana, mwanangu." Akashuka kibarazani pole pole, mkono ukutani. Mara ya pili alikuja baada ya miezi, nlimuona kwa mbali kwenye kichochoro, nkafunga mlango wa duka nkakaa ndani kizani mpaka hatua zake zikapita.

Mwezi huu kaja kijana na karatasi ya kutoa nakala hamsini. Tangazo la msiba. Jina la Mwalimu Hamad kwa herufi kubwa. Nkaitia kwenye mashine na mashine ikafanya kazi vizuri kabisa, hamsini zote, hata moja haikukwama. Zilipokuwa bado zina moto mikononi mwangu simu ikalia, Mize. "Khitma Ijumaa. Unakuja. Ukikata simu leo, ndo basi."

Alinisubiri chini barazani, baibui juu ya sare ya hoteli, macho mekundu. Hatukuwa tumeonana mwaka mzima. Hakunisalimu. "Rukia, siku ya kwanza uliitika nini?" Nkamwambia labeka, ningeitika nini? Akaziba uso. Alikuwa anacheka na analia, sikujua kipi zaidi. "Mie darasani naitika naam." Nkamwambia mwanamke gani anaitika naam? Akanieleza pale pale, watu wanatupita na masinia. Siku yake ya kwanza kabisa chuoni, kitoto cha Tumbatu, kaitwa jina lake kakurupuka kasema "Naam!" kama mwanamme. Darasa likalipuka. Akataka kukimbia. Mwalimu Hamad akawanyamazisha, akamwambia, "Usibadilishe. Mimi nikiisikia naam hiyo ya kike, najua darasa limetimia." Toka siku ile hakuitika vyengine, na kila siku mzee akitabasamu. Nyumbani hakunihadithia kwa haya. "Kwa hivyo alijua," nkasema. "Alijua toka neno la kwanza," kasema Mize. "Na wewe alikuwa ashakusikia dukani kwako siku nne unaitika labeka. Alijua si mie, na alijua ni nani. Ofisini walipomuuliza, kawaandikia kwamba alijua, kwamba kosa ni lake, kwamba mie kazi zangu nafanya mwenyewe na nipewe mtihani. Wao wakachukua ile ya kwamba sikuwapo, nyengine wakaiacha. Na yeye wakamwambia apumzike, mkataba wake hawakuuendeleza. Alikuja Tumbatu kuniomba radhi. Yeye, kuniomba radhi mie! Barua yenyewe alitaka kukuonyesha kwa flashi, kasema hukuwa na nafasi." Hukuwa na nafasi. Hivyo ndivyo alivyolieleza lile nililomfanyia.

Ndo maana nlikuwa nalia juu ya lile sinia. Na yule mwanamke keshaniuliza mwalimu wako wa wapi, na mie mori ushanipanda, nshamjibu lile lisiloandikika, Mize ananivuta baibui, pale pale ikasikika sauti ya Bi Zuhura kutoka chumbani. Ile ile ya changu wa kupaka. "Rukia!"

Nkaitika bila ya kufikiri. "Labeka!"

Wanawake wote wakageuka. Bi Zuhura katokeza mlangoni na nguo nyeupe za eda, kazeeka, daftari refu la jalada gumu mkononi. "Ndo wewe," kasema. "Kasema ntakujua ukiitika." Akaja mpaka kwangu, akainama akaliweka mapajani mwangu, juu ya punje za pilau. Kompyuta ilikuwa inahesabu waliohudhuria yenyewe, nlimfunza mie pa kubonyeza, lakini mzee hakuiamini, mahudhurio alikuwa akiyaandika humu kwa mkono. Majina arubaini na moja kwa wino. Kwenye mstari wa Mize hakupiga vema wala eksi, kaandika kila siku herufi moja, R, na pembeni: "Anasikiliza rekodi. Kazi zake mwenyewe. Hodari." Na chini kabisa, baada ya jina la mwisho, kwa penseli, kaongeza nambari. Arubaini na mbili. Jina la baba yangu hakulijua, kwa hivyo kaandika kile alichokijua: Rukia Labeka. Vema, vema, vema, mstari mzima, toka kipindi cha kwanza. Halafu zile siku sita za mwisho. Wengine walokosa wana eksi nyekundu. Zangu hakuzitia kitu. Visanduku sita vyeupe, vimekaa vinasubiri.

Yule mwanamke wa sinia alikuwa kachungulia. Mie sikumsema, sina tena hamu ya kumshinda. Mize kaweka kidole chake juu ya kile kisanduku cha kwanza kitupu akakiacha hapo. Kesho yake karudi Kendwa kupokea wageni, hana digrii, na mie nimerudi Mkunazini, na daftari liko kwenye droo chini ya mashine nlosema mbovu. Kwa hivyo wewe uliyesoma, unojua kila kitu, nijibu hili moja: radhi ya mtu alokwisha kuzikwa naenda kuiomba wapi?